Deni ni la Binti, Simu ni ya Shangazi

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa huko Likoni, Mombasa, na yameandikwa upya kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Bi Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimealikwa kama msaidizi wa kisheria ili nizungumzie mikopo ya simu na namna ya kulalamika pale mkopeshaji anapovuka mpaka. Hata hivyo, naomba nianze kama shangazi, kwa sababu jambo lenyewe lilinifikia kwanza nikiwa shangazi, kabla sijalifungua kama faili.

Ilikuwa asubuhi, nimo kwenye foleni ya feri, upande wetu huu wa Likoni, simu ilipolia mlio wa ujumbe. Ujumbe ulitoka kwenye nambari nisiyoijua, nao ulisema kwamba nimewekwa kuwa mdhamini wa binti wa kaka yangu, kwamba amekataa kulipa, na kwamba nisipomlazimisha alipe kabla ya saa sita mchana jina langu litapelekwa CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, na maafisa watafika nyumbani kwangu. Kabla feri haijagusa ng'ambo ya pili, jumbe nyingine mbili zilikuwa zimeingia, na baada yake simu ya kijana aliyeanza kwa kuniita mama na akamaliza kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee hawa.

Binti alikuwa amekopa shilingi 6,000 kununua mafuta na unga wa kibanda chake cha viazi karai, naye alikuwa amechelewa siku tisa. Hilo hakulikana hata mara moja. Kufikia jioni ujumbe kama wangu ulikuwa umemfikia mwenye nyumba wake, ustadhi wa madrasa wanakosoma watoto wake, na fundi mmoja aliyehifadhiwa kwenye simu yake kwa jina la "Fundi Friji". Huyu fundi, maskini, alipiga simu mwenyewe akiwa na wasiwasi wa kweli: "Dada, mimi nilikutilia gesi ya friji tu, mwaka juzi. Kwenye deni hili nimeingiaje?" Siku hizi tunalicheka swali hilo. Siku ile binti hakucheka, na Jumamosi iliyofuata hakuhudhuria arusi ya binamu yake, kwa kuwa alikuwa ameketi kitandani akihesabu ni wangapi katika ukumbi ule watakuwa wameshausoma ujumbe wake.

Mkopeshaji huyo sitamtaja, kwa kuwa shauri bado halijaisha na mkutano huu si mahakama. Ninalotaka tulishike leo ni kwamba pale palikuwa na mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja, na kazi ya kwanza ya mlalamikaji ni kuifungua kamba hiyo. Jambo la kwanza ni deni, ambalo ni la binti na la mkopeshaji wake. Jambo la pili ni kutumia jina langu, nambari yangu na simu yangu mimi, mtu ambaye sikukopa, sikutia saini wala sikuulizwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami sibishani nao. Lakini dawa hiyo anapewa mdaiwa, haimwagiwi ukoo mzima.

Niwakumbushe tulikotoka, japo kwa ufupi. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na M-Shwari, mkopo wa benki unaoombwa kwa simu, ikafuata mwishoni mwa mwaka 2012, ndipo Wakenya wakazoea kwamba mkopo unaweza kufika mfukoni bila ya kumwona karani. Kisha zikaja apu za kampuni ambazo si benki wala si vyama vya ushirika, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na chombo kilichozipa leseni. Mtu alikuwa akipakua apu, anairuhusu isome orodha ya majina katika simu yake, anapokea fedha kwa dakika chache, na akichelewa orodha ile ile inageuzwa kuwa fimbo. Mnamo Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiodhibitiwa kupeleka majina ya watu CRB, na mwezi Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili iwape leseni wakopeshaji wa kidijitali. Kanuni zenyewe zilichapishwa mwezi Machi 2022, zikawapa wakopeshaji muda wa miezi sita wa kuomba leseni. Muda ulipokwisha mwezi Septemba, waombaji walikuwa mamia, nao waliopewa leseni walikuwa kumi tu. Idadi imeendelea kupanda tangu hapo, na kufikia katikati ya mwaka 2025 walikuwa 126.

Nataka tusimame kidogo kwenye kanuni hizo za mwaka 2022, kwa sababu watu wengi wanaonijia hudhani kwamba wanaomba huruma, kumbe wanadai jambo lililoandikwa. Kanuni zinamkataza mkopeshaji, pamoja na yeyote anayemkusanyia madeni, kutumia vitisho au nguvu, kutumia matusi, kuwapigia au kuwaandikia watu walio katika orodha ya simu ya mteja bila ya idhini, kuifungua orodha hiyo ili awatumie watu ujumbe pale mteja anapochelewa, na kutangaza taarifa za mteja mtandaoni au mahali pengine popote kwa lengo la kumwaibisha. Someni tena moyoni mwenu hilo la mwisho. Aliyeandika kanuni alijua kabisa kwamba bidhaa inayouzwa hapa ni aibu, akaitaja kwa jina lake.

Zipo na kanuni za hesabu. Mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki siku ile, ukiondoa gharama halali za kulifuatilia deni. Kwa hiyo anayedaiwa msingi wa shilingi 5,000 halafu akaambiwa baada ya miezi minane kwamba deni limefika shilingi 19,000, ana haki ya kuomba hesabu hiyo kwa maandishi, mstari kwa mstari. Tena deni lisilozidi shilingi 1,000 halipelekwi CRB kama taarifa mbaya. Nawaambia hayo bila ya kuwadanganya kwamba kanuni zilimaliza kila kitu, maana hazikuweka kiwango cha juu cha riba, na kwa maoni yangu hapo ndipo zilipolegea zaidi. Methali yetu ya kukopa harusi, kulipa matanga ilitungwa kabla ya simu, na bado haijapata mpinzani.

Sasa nije kwa sheria ambayo ndiyo ngao ya shangazi, yaani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Wakopeshaji wana jibu moja wanalolipenda, nalo ni kwamba mteja alikubali masharti. Tuseme alikubali. Je, mimi nilikubali? Fundi Friji alikubali? Binti anaweza kutoa ruhusa juu ya taarifa zake, lakini hawezi kutoa ruhusa kwa niaba ya watu mia tatu waliomo katika simu yake, na sheria hiyo inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, ajulishwe zinachukuliwa kwa nini, na aweze kupinga matumizi yake. Nyuma ya sheria hiyo iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Ibara ya 31 inalinda faragha ya kila mtu pamoja na mawasiliano yake, na katika Ibara ya 46 inalinda haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma.

Na hili neno "mdhamini" wanalolirusha kila mahali, tulipime. Sheria yetu ya Mikataba, katika kifungu cha 3, inasema kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa na yeye mwenyewe ameitia saini, au imetiwa saini na mtu aliyemruhusu. Udhamini hauzaliwi kwa jina lako kuwepo katika simu ya mtu, wala kwa mkopaji kukuandika kwenye fomu ukiwa huko sokoni hujui lolote. Anayekupigia akikuita mdhamini, mwombe kwa utulivu akutumie karatasi uliyoisaini. Mimi niliomba, na kijana yule akakata simu.

Hapo ndipo ninapotaka kubadilisha mazoea yetu. Katika visa vingi ninavyoletewa, anayekuja kulalamika ni mkopaji peke yake, naye huja ameinamisha kichwa, kwa sababu anajua ataulizwa swali la kwanza: "Lakini ulilipa?" Shangazi, mwenye nyumba, bosi na fundi hubaki nyumbani, wakiona kwamba wakilalamika watakuwa wamejiingiza katika deni lisilo lao. Mambo ni kinyume chake. Mwenye malalamiko yaliyonyooka kuliko yote ni yule ambaye hakukopa hata senti, kwa kuwa kwake hakuna deni la kujibia, liko tendo tupu la kuchukua nambari yake na kumtishia. Mkopaji alalamike, ndiyo, lakini asiende peke yake.

Mfano uko wazi katika kumbukumbu za umma. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000, na kosa lililotajwa lilikuwa ni kutumia majina na nambari ilizozipata kwa watu wengine, kisha kutuma jumbe na kupiga simu za vitisho. Mapema mwaka huo huo kampuni nyingine ya mikopo, Whitepath, ilikuwa imetozwa shilingi milioni tano, ambazo ndizo kiwango cha juu cha shilingi anachoweza kutoza Kamishna kwa mujibu wa sheria hiyo. Nina neno la pembeni juu ya faini hizo. Faini huingia serikalini, haiingii kwa shangazi. Aliyeumizwa ana haki ya kudai fidia chini ya kifungu cha 65 cha sheria hiyo hiyo, ikiwa ni pamoja na fidia ya dhiki ya moyo, kwa hiyo aandikaye malalamiko yake aliandike ombi la fidia waziwazi, asingoje kukumbukwa.

Angalieni pia katika kisa cha Mulla Pride jambo ambalo huwapotezea watu muda mwingi: kampuni ilikuwa na jina moja, apu zake zina majina mengine mawili. Mtu anapokuja kwangu akasema "nimetishwa na apu fulani", nusu ya kazi huwa ni kujua apu hiyo ni ya nani. Nambari zinazopiga hubadilika kila siku, leo ni hii, kesho ni nyingine, na ukiirudia hupati mtu. Lakini fedha haiwezi kujificha vile. Tafuteni ule ujumbe wa M-Pesa wa siku mkopo ulipoingia, kwa kuwa humo limo jina la aliyeituma fedha. Tafuteni na nambari ya Paybill mnayoamriwa kulipia, maana ujumbe wa uthibitisho wa malipo huandika jina la biashara iliyopokea. Kama mmeshazifuta jumbe, taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita inaombwa kwa *334# au kwenye apu yenyewe ya M-Pesa. Jina hilo ndilo mtakalolitafuta katika orodha ya wakopeshaji wenye leseni, ambayo Benki Kuu huiweka kwenye tovuti yake. Msipolikuta, hilo nalo ni malalamiko, kwa kuwa kukopesha kidijitali bila leseni ni kosa la jinai.

Kuhusu ushahidi nitakaa kidogo zaidi, mnivumilie, kwa maana ndipo mashauri yanapofia. Mtu hutukanwa asubuhi, akashikwa na hasira au haya, akaufuta ujumbe ili mumewe au watoto wasiuone, kisha jioni ananijia na maelezo matupu. Msifute. Ujumbe wenyewe ubaki ndani ya simu, na juu yake mpige picha ya skrini inayoonyesha nambari iliyotuma, tarehe na saa, si maneno peke yake. Jumbe za WhatsApp zitolewe mazungumzo yote na kuhifadhiwa mahali pengine, kwa barua pepe au kwa simu ya mtu mnayemwamini. Simu za kuongea ziandikwe katika daftari mara tu zinapokatika: saa ngapi, nambari gani, alisema nani, alisema nini, na maneno yaandikwe kama yalivyosemwa, hata yakiwa machafu, kwa lugha ile ile iliyotumika. Daftari la binti lilikuwa ni la hesabu za viazi, upande mmoja magunia na lita za mafuta, upande wa pili saa za vitisho. Kurasa nne zilijaa kwa siku kumi na moja. Sijapata kuona ushahidi uliopangika kuliko ule.

Kila aliyetumiwa ujumbe aombwe aandike mistari michache: yeye ni nani, ana uhusiano gani na mkopaji, ujumbe ulimfikia lini, na kwamba hajawahi kumpa mkopeshaji huyo nambari yake. Mistari mitano inatosha. Fundi aliandika mitatu, nayo ilikuwa na nguvu kuliko barua yangu ya kurasa mbili.

Tahadhari moja: msijibu matusi kwa matusi. Najua kuna raha yake, nami siku ile nilijaribiwa sana. Lakini jibu lenu litakuwa ndani ya faili lile lile, nalo litasomwa na mtu asiyewajua. Tena, kuiondoa apu kwenye simu hakurudishi orodha iliyokwisha kunakiliwa. Kabla ya kuiondoa, pigeni picha ya masharti, ya kiasi mlichokopa, ya ada iliyokatwa na ya tarehe ya kulipa, kisha ingieni kwenye mipangilio ya simu muifute ruhusa ya kusoma majina. Tangu mwishoni mwa Mei 2023 duka la apu la Google haliruhusu apu za mikopo ya kibinafsi kusoma majina wala picha zilizo katika simu. Kwa hiyo apu inayokuja kwa kiungo cha WhatsApp, ikiwataka muipakue nje ya duka na kuifungulia majina yote, imeshajitambulisha yenyewe.

Baada ya ushahidi huja barua, na barua ya kwanza huenda kwa mkopeshaji. Kanuni zinamtaka awe na utaratibu wa kupokea malalamiko, na Benki Kuu itataka kujua mkopeshaji aliwajibu nini. Barua iwe fupi na isiombe radhi kupita kiasi. Ile ya binti ilisema hivi: "Nakiri kwamba nilipokea mkopo wa shilingi 6,000 na kwamba sijaumaliza. Naomba hesabu kamili ya msingi, riba na ada. Ninaweza kulipa shilingi 1,000 kila Ijumaa kuanzia wiki hii. Pamoja na hayo, nalalamika kwamba watumishi wenu au mawakala wenu wamewatumia jumbe za vitisho watu wanne ambao hawakuhusika na mkopo huu, na naomba mkomeshe jambo hilo, mfute nambari zao katika kumbukumbu zenu, na mnijibu kwa maandishi." Mnaona jinsi faili mbili zilivyo katika barua moja bila ya kuchanganyika? Hakulikana deni ili kushinda malalamiko, wala hakuyameza malalamiko kwa sababu ana deni. Na alianza kulipa Ijumaa ile ile, kwa Paybill ya kampuni yenyewe, si kwa nambari ya kijana aliyempigia akisema atamsaidia kulimaliza haraka.

Mkopeshaji akinyamaza au akiendelea, milango ni miwili mikubwa. Yanayohusu mwenendo wa mkopeshaji, yaani hesabu ya riba, vitisho na leseni, huenda Benki Kuu. Yanayohusu majina, nambari, picha na kuaibishwa huenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakuna ubaya kubisha yote miwili, mradi kila barua iseme jambo la mlango wake. Kwa Kamishna kuna fomu maalumu, inayoitwa DPC 1, inayojazwa bila malipo, na asiyeweza kuandika asihofu, kwa sababu kifungu cha 56 cha sheria kinaruhusu malalamiko kutolewa kwa mdomo, na ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuyaandika. Kifungu hicho hicho kinataka malalamiko yachunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku tisini. Hesabuni siku hizo tangu siku mlipopokea nambari ya kumbukumbu, na mfuatilie bila aibu. Ofisi iko hapa Mombasa pia, hamna haja ya kupanda gari moshi kwenda Nairobi. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Mkopo ukiwa ni wa benki, kama Fuliza au M-Shwari, hauko chini ya kanuni zile za wakopeshaji wa kidijitali, kwa kuwa benki zina sheria zake, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data inawashika wote, benki na wasio benki. Wageni wetu mliotoka Tanga, kwenu watu wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, jina ambalo halihitaji kamusi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini yake, na mnayo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuipelekea malalamiko ya namna ya haya yetu. Daftari na picha za skrini hazina mpaka wa Lunga Lunga.

Yamebaki maswali mawili ambayo najua yatakuja, hivyo niyajibu kabla. La kwanza ni la jela. Kukosa kulipa mkopo si kosa la jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Mkopeshaji mwenye haki yake anaweza kwenda mahakamani, na kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambako nawe utaitwa, utasikilizwa na utaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Iko kweli jela ya madai katika sheria yetu, lakini hafiki mtu huko kwa ujumbe wa simu. Hufikiwa kwa hukumu ya mahakama, baada ya mdaiwa kutakiwa aeleze kwa nini asifungwe. Aliyetumia kitambulisho cha mtu mwingine kukopa, huyo shauri lake ni jingine kabisa, simtetei. Lakini anayetishiwa kuuawa, kupigwa au kusambaziwa picha asingoje siku tisini za mtu, aende kituo cha polisi leo, aandikishe na apewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha nambari hiyo aiambatishe kwenye malalamiko yake.

La pili ni la CRB. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo, na kampuni zenye kumbukumbu hizo ni Metropol, TransUnion na Creditinfo. Mkishalipa, ombeni barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha na mhakikishe kumbukumbu imesahihishwa. Wale wanaokaa barabarani wakiwaahidi "kuwasafisha" kwa shilingi elfu mbili hawana ufunguo wa mlango wowote, na mara nyingi wanachohitaji ni nakala ya kitambulisho chenu, ambayo kesho itakopea mtu mwingine.

Binti alimaliza msingi wake na riba iliyokubaliwa kwa Ijumaa saba. Jumbe kwa watu wengine zilikoma siku ya tatu baada ya barua, na mimi na fundi tuliendelea na malalamiko yetu, ingawa deni lenyewe lilikuwa limekwisha, kwa maana sisi hatukuwa na deni tangu mwanzo. Kijana aliyenitukana pale feri hajulikani jina mpaka leo. Kampuni yake inajulikana, kwa sababu ya ujumbe mmoja wa M-Pesa ambao binti hakuufuta.

Nitakuwa pale mezani, karibu na mlango, mpaka adhana ya adhuhuri, na fomu ninazo za kutosha. Mwenye simu yenye ujumbe aje nayo kama ilivyo, asiufute, hata kama anaona haya nisome. Na ambaye shangazi yake ametumiwa ujumbe, naomba aende akamlete.